Makala ya Pili Ndiyo Ngumu

Makala ya kwanza ya blogu hujiandika yenyewe. Unajitambulisha, unaeleza kwa nini umeamua kuandika, unawaahidi wasomaji mambo mengi, unabonyeza kitufe cha kuchapisha, na marafiki wawili watatu wanakupongeza. Kazi inaanza kwenye makala ya pili. Utambulisho umeshasomwa, ahadi zimeshatolewa, na sasa unatakiwa kusema jambo. Blogu nyingi ninazozijua zilizimikia hapo, kati ya "karibuni sana" na kile kilichopaswa kufuata.

Mtu akikwama hapo hujiita mvivu, au huamua kwamba hana kipaji. Mimi naamini tatizo la anayeanza kwa kawaida ni dogo kuliko hayo, ila linachosha zaidi: hajaamua. Hajaamua anazungumza na nani, juu ya jambo gani hasa, na makala itaishia wapi. Anakaa mbele ya kompyuta na kila sentensi inayomjia ina haki sawa na nyingine ya kuwa ya kwanza, kwa hiyo hakuna inayoandikwa. Kwa mtazamaji wa nje huyu ni mtu asiye na la kusema, kumbe anayo mengi mno na yote yanagombea mlango mmoja.

Tatizo hili lina historia yake. Aliyelipa jina la kitaalamu kwa Kiingereza, "writer's block", miaka ya 1940, ni Edmund Bergler, daktari wa akili mzaliwa wa Austria aliyehamia New York. Alikuwa mfuasi wa Freud, basi akaenda kulitafuta chimbuko lake utotoni, mpaka kwenye ziwa la mama. Sina ugomvi na utoto wa mtu yeyote, lakini maelezo hayo hayamfai sana mtu aliyebakiwa na saa moja ya kuandika kabla ya kulala. Uliofaa zaidi, kwangu, ni utafiti mdogo wa Mike Rose uliochapishwa mwaka 1980. Rose alizungumza na wanafunzi 10 wa chuo kikuu nchini Marekani, watano wanaokwama wakiandika na watano wasiokwama. Hakuona kwamba hawa wana akili kuliko wale. Alichoona ni kwamba waliokwama walikuwa wameshika kanuni ngumu kama amri. Mmoja aliamini lazima aya ya kwanza imnase msomaji papo hapo, na saa zake ziliishia kwenye aya hiyo hiyo ya kwanza. Mwingine alitaka kila sentensi iwe safi kisarufi kabla ya kwenda kwenye inayofuata. Wasiokwama nao walikuwa na kanuni zao, tena nyingine zinafanana na za wenzao, ila kanuni ikiwagomea waliiweka pembeni wakaendelea na kazi.

Sasa mtazame mwanablogu mpya. Wiki moja tu ya kusoma ushauri wa intaneti inamtosha kukusanya kanuni kuliko wale wanafunzi. Makala isipungue maneno 1,500. Neno linalotafutwa na watu liwe kwenye kichwa, lirudi kwenye aya ya kwanza, lionekane tena kwenye vichwa vidogo. Aya ziwe fupi. Picha ziwepo. Chapisha siku ile ile kila wiki. Sentensi ya kwanza imkamate msomaji asihame. Sisemi kanuni hizi ni za uongo, maana nyingi zimetokana na jinsi injini za utafutaji zinavyochagua kurasa, na siku moja zinaweza kukufaa. Lakini zote ni kanuni za kurekebisha kitu kilichokwisha kuandikwa. Kuzitumia kabla hujaandika ni kupiga pasi nguo ambayo bado haijashonwa.

Blogu zenyewe, kwa bahati nzuri, hazikuanza hivyo. Jorn Barger, mmoja wa walioanzisha mtindo huu mwaka 1997, kwa sehemu kubwa alikuwa akiweka viungo vya kurasa alizozisoma siku hiyo na kuongeza maneno machache ya kwake. Huduma ya Blogger ilipokuja mwaka 1999 na kumwezesha mtu asiyejua kutengeneza tovuti achapishe kwa kubonyeza kitufe, watu waliandika aya moja, wakaenda zao, wakarudi kesho na nyingine. Makala ndefu iliyopangwa kama kitini cha semina ilitawala baadaye. Anayejisikia hawezi kuandika blogu kwa sababu ana aya tatu tu za kusema anajipima kwa kipimo ambacho waanzilishi wenyewe hawakukitumia.

Ushauri mwingine ninaoutilia shaka ni ule wa "andika unachokipenda." Unasikika vizuri, lakini mapenzi hayapunguzi chochote. Mimi napenda vitu vingi, na kila kimoja ni kikubwa kuliko makala. Nilipoanza kuandika juu ya kujifunza kuogelea nikiwa mtu mzima, nilidhani uwanja huo umeshakuwa mwembamba vya kutosha. Nikaandika kichwa, "Kuogelea Ukubwani", nikakitazama. Chini yake palikuwa pa kuweka chochote: hofu, mavazi, walimu, afya, aibu ya kufundishwa pamoja na watoto. Chochote, kwa hiyo hakuna kitu.

Katika siku hizo hizo rafiki yangu aliniandikia kwenye simu. Naye alikuwa ameanza mafunzo, na alikuwa na swali: mbona yeye ni mkimbiaji, anakimbia masafa marefu bila shida, lakini akifika katikati ya bwawa pumzi inamwishia kabisa? Nilimjibu palepale. Nikamwambia uchovu huo hauko miguuni. Uso ukiwa majini unabana pumzi, halafu ukiinua kichwa unajaribu kutoa hewa na kuvuta nyingine katika muda mfupi ambao hautoshi kwa yote mawili. Hewa ya kaboni dioksidi inajikusanya mwilini, na hiyo ndiyo inayoamsha ile hali ya kuhisi unakosa hewa, hata kama oksijeni bado ipo ya kutosha. Basi toa pumzi taratibu ukiwa bado chini ya maji, viputo vitoke mfululizo, ili uso ukitoka juu kazi iliyobaki iwe kuvuta tu. Shika ukingo upande wenye kina kifupi, jizoeze hapo kwanza, usiogelee popote.

Ujumbe ule ulikuwa mrefu kuliko chochote nilichokuwa nimekiandika kwenye blogu. Sikukwama hata kidogo. Nilipousoma tena baadaye nilitaka kujua ulikuwa na nini ambacho "Kuogelea Ukubwani" hakikuwa nacho, maana mwandishi alikuwa yule yule na mada ile ile.

Kwanza, kulikuwa na swali, na swali lina upande mmoja tu wa kuanzia. Pili, nilimjua anayeuliza. Kwa kuwa anakimbia, sikuwa na haja ya kumweleza umuhimu wa mazoezi. Kwa kuwa alishavuka hofu ya kuingia majini, sikumtuliza. Kwa kuwa ni rafiki, sikujieleza mimi ni nani hata nimshauri. Nusu ya kuandika ni kujua cha kuacha, na aliyenionyesha cha kuacha ni yeye, sikukibuni mwenyewe. Tatu, ujumbe ulikuwa na mwisho. Swali likishajibiwa unanyamaza. Makala isiyo na swali haina mahali pa kunyamazia, ndiyo maana inaogopesha kuianza: unahisi, na unahisi kweli, kwamba haitaisha.

Tangu hapo nina mtihani mmoja kwa kila mada. Naiandika kama swali ambalo mtu angeuliza kwa mdomo wake, kwa sauti ya kawaida. "Umuhimu wa kuweka akiba" hakuna mtu anayeuliza. "Nipangeje matumizi kama sijui mwezi ujao nitapata kiasi gani?" huulizwa na kila anayeishi kwa vibarua. "Malezi na elimu" ni jina la wizara. "Mtoto wangu anazijua herufi zote, mbona hawezi kuziunganisha?" hiyo ni makala, na anayeweza kuijibu hatahangaika kutafuta sentensi ya kwanza, kwa sababu itaanzia pale mtoto anapokwamia.

Pingamizi ninalolisikia mara nyingi ni kwamba ukibana hivyo utaishiwa. Nimeona kinyume chake. Mada pana ndiyo inayoisha haraka, maana ukishasema kwamba kuogelea ni kuzuri kwa afya umemaliza. Swali dogo huzaa. Nilipoandika juu ya pumzi, likaja la maji kuingia puani. Kisha la upande gani wa kugeuzia kichwa. Kisha, kwa nini miguu inazama wakati kifua kinaelea? Hilo lina jibu zuri, kwa sababu mapafu yamejaa hewa na miguu ni misuli na mifupa mitupu, na mtu akiinua kichwa kuangalia mbele miguu huzidi kwenda chini. Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo ningelifikiria nikiwa nimekaa mbele ya kile kichwa kikubwa.

Hapa niseme kitu ambacho wengine watakipinga. Hudaiwa kwamba kabla hujaanza lazima uchague uwanja mmoja wa blogu nzima na uapizane nao. Sioni kwa nini. Umakini unaohitajika kwa anayeanza ni wa makala moja, siyo wa maisha yake yote. Makala hii iwe na swali moja, ijayo iwe na lake, hata kama leo ni kuogelea na kesho ni vitabu. Baada ya muda utaona mwenyewe unarudi wapi. Wengi wanaosubiri kuupata "uwanja wao" kwanza wanasubiri kwa raha, kwa sababu kusubiri hakuna hatari ya kusomwa.

Nikirudi kwenye kukaa na kuandika kwenyewe: muda si tatizo kubwa kama linavyosemwa. Tatizo ni hali ambayo kichwa kinakuja nayo. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy aliandika juu ya alichokiita mabaki ya umakini: ukiiacha kazi moja ukahamia nyingine, sehemu ya akili inabaki kule ulikotoka, hasa kama kazi ile hukuimaliza. Kwa mwanablogu, kazi isiyomalizika iliyo mbaya kuliko zote ni ukurasa wa takwimu za wasomaji. Hauna mwisho. Unaufungua kwa dakika moja tu kabla ya kuandika, unakuta leo ameingia msomaji mmoja, unatazama vizuri na kugundua kuwa ni wewe. Kisha unaanza makala ukiwa na huzuni ambayo hukuwa nayo. Mimi ukurasa ule siugusi mpaka niwe nimemaliza kuandika. Vivyo hivyo kubadilisha rangi za blogu, kutafuta picha ya juu, kujaribu aina mpya ya herufi. Zote ni kazi halali, na zote zina tabia ya kujifanya uandishi.

Kuhusu kusubiri hisia zije, Robert Boice, aliyetumia miaka mingi kuwasaidia wahadhiri waliokwama, alichapisha mwaka 1983 jaribio alilolifanya na wahadhiri kama hao. Waliobanwa kwa masharti waandike wapende wasipende walitoa kurasa nyingi kuliko walioandika pale tu walipojisikia, jambo ambalo halishangazi. La kushangaza ni kwamba walipata pia mawazo mapya mengi zaidi. Yaani wazo, ambalo wengi wetu hulisubiri ili tuandike, lilikuja kwa wale waliokuwa tayari wanaandika.

Lakini sifurahii ratiba zinapogeuzwa dini. Mwandishi Mwingereza Anthony Trollope, aliyekuwa mwajiriwa wa posta, aliweka saa mbele yake na kujitaka maneno 250 kila robo saa, na alimaliza riwaya 47 kwa mtindo huo. Alieleza haya bila haya katika wasifu aliojiandikia, ukachapishwa mwaka 1883 baada ya kifo chake, na baadhi ya wasomaji walimshusha thamani kwa kusikia kwamba kumbe sanaa ilitoka kwa saa iliyowekwa mezani. Walimwonea. Hata hivyo mtu anayeanza, mwenye kazi na familia, akijiwekea kipimo cha Trollope atashindwa ndani ya siku chache, na kushindwa huko kutakuwa kanuni nyingine ya kumkwamisha. Nusu saa bila simu inatosha. Ukiishia katikati ya aya, ukijua sentensi inayofuata, ni bora kuliko kumaliza kila kitu na kesho yake kuanza kwenye ukurasa mtupu.

Na ndani ya nusu saa hiyo, usihariri. Hili ni gumu kwangu mpaka leo. Kidole kinakimbilia kufuta kabla neno halijakaa. Mwalimu wa uandishi Peter Elbow alieneza katika miaka ya 1970 zoezi la kuandika kwa dakika 10 bila kusimama, bila kurudi nyuma, bila kusahihisha hata tahajia. Ukikosa la kusema, andika kwamba huna la kusema, mradi mkono usikome. Nalitumia, ingawa si kwa imani kamili. Wako wanaochapisha kinachotoka humo na kukiita uandishi wa moyoni. Cha kwangu huwa takataka karibu chote. Ila katikati ya takataka hutokea sentensi moja ambayo sikuwa nimepanga kuisema, na ndiyo ninayoichukua. Nyingine zote nazifuta.

Kukwama katikati ya makala ni ugonjwa tofauti, na dawa yake ni tofauti. Aya tano zimetiririka, ya sita inagoma. Silaha ya kwanza ya watu wengi ni kulazimisha hiyo ya sita. Kwa uzoefu wangu kosa haliko hapo, liko aya moja au mbili nyuma, mahali nilipodai jambo nisilolijua vizuri. Niliandika kitu kwa sababu kilisikika sawa, na sasa siwezi kujenga juu yake. Nikirudi nikaifuta ile sentensi, au nikaenda kusoma mpaka nikaijua, aya ya sita huja. Ndiyo maana huwa sikubaliani na anayesema dawa ya kukwama daima ni nidhamu. Mara nyingine dawa ni kusoma. Hujakosa ari, umekosa taarifa, na hakuna kiasi cha kukaa kwenye kiti kitakachoileta.

Siku hizi liko jibu jingine mkononi: kuiomba programu ya akili mnemba ikuletee mada, au rasimu nzima. Mada itakazoleta ni zile ambazo mtu yeyote angeziandika, kwa sababu haikujui wewe wala rafiki yako anayeishiwa pumzi bwawani. Rasimu nayo itakuja nzima, imenyooka, na utabaki umekwama vilevile, safari hii ukiwa na maandishi. Maswali ninayoyajibu mimi yako kwenye jumbe za simu yangu. Mara kwa mara huwa naperuzi niliyowahi kuwajibu watu kwa urefu. Kila jibu lililozidi skrini moja linastahili kuangaliwa upya.

Imebaki hofu ya watu, na sitaipamba. Ipo. Bosi anaweza kusoma, shangazi anaweza kusoma, mtu anayejua zaidi yako anaweza kusoma na akakusahihisha hadharani. Nilichokiona ni kwamba hofu hii hupungua mada inapokuwa ndogo. Ukiandika "Ukweli Kuhusu Kuogelea" umejivika uprofesa na lazima uutetee. Ukiandika jinsi wewe ulivyojifunza kutoa pumzi majini, mtaalamu akija ataongeza, hataporomosha. Na ukikosea, blogu si gazeti lililokwisha kuchapwa. Unarekebisha, unaweka tarehe ya marekebisho chini, mnaendelea. Uchache wa wasomaji wa mwanzo, ambao kila mtu anaulalamikia, nao unasaidia: unajifunza chumba kikiwa bado hakijajaa.

Kuna kukwama ambako hakuhusiani na haya yote. Mtu ambaye hawezi kuandika, na pia hawezi kusoma, hapati usingizi, havutiwi na chochote alichokipenda, asihangaike na mbinu za uandishi. Aende kwa daktari. Makala itasubiri.

Rasimu zangu ambazo hazijaisha huwa nazifungua mara moja moja, na kila moja naitafutia swali lake. Zile zenye swali huwa hazihitaji zaidi ya jioni mbili tatu. Zisizo nalo nilikuwa nikizitunza kwa huruma, sasa nazifuta. Hivi karibuni nimeifuta moja iliyokuwa na kurasa kadhaa, "Faida za Kuogelea". Iliandikwa vizuri tu, na ilikuwa na picha.